Verni Juu ya Udongo

Bunia, siku moja kabla ya kupanda ndeke kwenda Kinshasa

Mwanangu Afoyo,

Watu huanza barua kwa kuulizana afya. Yako naijua. Nimekuona mchana huu ukimaliza ugali na sombe ya watu wawili, halafu ukatoka mbio kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nimebaki na meza na mwanga wa dirishani. Baba yako yuko nje chini ya kamio yake, lori lake la mizigo, anagonga kwa nyundo kitu ambacho najua hakijaharibika. Kila mtu ana namna yake ya kungoja kesho.

Mambo ya safari sitayagusa. Nani atakupokea Kinshasa, utalala wapi, utafunga vipi vitu vyako, hayo baba yako amekueleza mpaka ukaanza kumjibu kabla hajamaliza. Mimi nataka kukueleza habari ya maonyesho yetu ya sanamu, yale ya ukumbi wa parokia, ulipokuwa mtoto mdogo. Unajua kwamba yalifanyika. Unajua kwamba ile sanamu ya uani, ile unayoiegemea ukisoma, ilitoka kule. Yaliyobaki hujaambiwa, na sehemu moja ulikuwemo mwenyewe, ila huwezi kukumbuka.

Naandika kwa Kiswahili cha masista walionifundisha Mahagi, kile cha mdomoni kinanitoroka nikishika kalamu. Lakini pale watu watakaposema, nitawaacha waseme kama walivyosema.

Mama yangu, koko wako ambaye huwezi kumkumbuka, alikuwa mfinyanzi kule upande wa Mahagi. Nilikaa karibu naye tangu nilipokuwa na kimo cha mtungi wa maji. Alinifundisha kukanda udongo mpaka hewa yote itoke, kuunyanyua kwa vidole, kuukausha kivulini pole pole, kuuchoma kwa nyasi na magome na samadi kavu ya ng'ombe. Alipofika kwenye shingo ya chungu alizunguka akibonyeza kidole gumba, alama baada ya alama, na zile alama hakuzifuta. Mtu akipita njiani amebeba chungu kichwani, mama alitazama shingo tu, akasema, "Kile ni changu."

Baba yako aliponioa akanileta Bunia, niliendelea kufinyanga na kuuza. Lakini miaka ile sufuria za alumini na beseni za plastiki zilianza kuingia kwa wingi kutoka Uganda, na baba yako ndiye aliyezibeba kwenye kamio. Tulichekana sana juu ya hilo. Vyungu vyangu vilishinda sokoni, jioni nikavirudisha nyumbani. Mikono yangu haikujua kukaa bure. Nikaanza kutengeneza watu. Kichwa kwanza, bila macho. Halafu mwanamke aliyekaa, halafu mwingine aliyekaa amegeuka. Mama mmoja wa jirani aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeanza mambo ya dawa. Nilimjibu kwamba hivi ni vyungu vilivyokataa kuwa vyungu. Alicheka, lakini kwa muda fulani hakumtuma mtoto wake kwetu kuomba moto.

Kambale alikuja kutafuta mtungi wa maji. Alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya sekondari, kijana mrefu wa familia iliyotoka Butembo, na alikuwa amesoma uchongaji Kinshasa, katika shule hiyo hiyo unayokwenda wewe. Alipoona wale watu wa udongo wamejipanga kivulini alisahau mtungi. Alichuchumaa mbele yao kama mtu anayewasalimia wakwe.

"Mama, hizi nani alifanya?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu alinifundisha vyungu. Hizi zilikuja zenyewe."

Wiki iliyofuata alirudi na mwenzake, Dheda, fundi wa chuma kutoka Bule. Dheda alitengeneza majembe, lakini nyuma ya kibanda chake alikuwa anapondaponda mabati ya zamani mpaka yalegee na kukunjamana, akayatundika kama ngozi za ng'ombe zinazoanikwa, na kutu yake ikawa kama manyoya. Kambale mwenyewe alikuwa anachonga magogo. Tulikaa watatu hapa uani, tukanywa chai, na Kambale akatueleza alichotaka.

"Watu wa hapa wakiona sanamu wanauliza, iko nani huyu? Iko chifu? Iko Bikira Maria? Siye tutafanya ekspozisyo ya ngozi ya vitu. Muti ibaki muti, chuma ibaki chuma, udongo ibaki udongo. Hakuna rangi, hakuna verni. Na watu watagusa. Hatutaweka kamba."

"Wataiba," alisema Dheda.

"Bati yako iko na uzito ya watu mbili. Nani ataiba?"

Padri alitupatia ukumbi. Nikaanza kumtengeneza yule mwanamke mkubwa, yule wa uani.

Sasa inabidi nikuambie habari ya uso wangu. Umeuona kila siku ya maisha yako na hujawahi kuuliza, kwa hiyo nadhani mtu alishakueleza, au uliogopa kunitia haya. Miaka ile wanawake wengi wa mji tulijipaka pomadi ya kuwa weupe. Kwangu ilianza na picha. Katika harusi ya shemeji yangu tulipigwa picha ya familia, na ilipotoka, mimi sikuonekana. Yalionekana meno na kitambaa cha kichwa. Picha ilipita mkono kwa mkono na kila mtu akacheka, na mimi nikacheka kuwazidi. Siku chache baadaye nilikuwa nimenunua pomadi.

Mwanzoni ilinipendeza, sitakudanganya. Uso uling'aa. Sokoni watu walianza kuniita "mama muzuri" hata wale walionijua jina. Nilijitazama kwenye kioo cha kamio kabla baba yako hajaondoka asubuhi. Halafu jua likaanza kuniwasha, na baada ya muda mashavuni yakatokea madoa meusi, moja kila upande, yakatanda hadi karibu na macho. Nikaongeza pomadi. Madoa yakaongezeka. Nikaongeza tena. Mama aliyenifundisha kwamba udongo ukiharakishwa unapasuka, mimi mtoto wake niliharakisha ngozi yangu mwenyewe.

Ndipo nikamchoma yule mwanamke wa udongo. Nilimchoma siku nzima. Nilipomtoa kwenye majivu alikuwa mzima, hana ufa, mwekundu vizuri kama udongo wa njia ya Kasenyi baada ya mvua. Ila moshi ulikuwa umempiga. Bega moja lilikuwa jeusi, na shavuni doa kubwa limekaa, linaingia hadi kwenye jicho. Moshi hufanya hivyo, kila mfinyanzi anajua. Koko wako aliyapenda sana madoa ya moshi, alivichagua vyungu vya namna hiyo akaviweka nyumbani kwake. Mimi siku ile sikumwona koko wako wala chungu. Niliona kioo.

Ilibaki wiki moja maonyesho yafike. Nilikwenda kwa fundi wa makabati nikanunua verni, ile dawa ya kung'arisha mbao, ya rangi ya asali. Nikampaka. Ilipokauka nikampaka mara ya pili. Doa lilififia chini ya mng'ao. Alifanana na kabati la sebuleni kwa mtu tajiri, na mimi niliridhika kabisa.

Kambale alikuja na Dheda kuona kama niko tayari. Alisimama mlangoni mwa ua, hakusogea.

"Mama Afoyo, hii ni nini?"

"Ni yule mwanamke. Amekwisha."

"Mwanamuke iko wapi? Mimi naona verni."

"Alikuwa na madoa."

"Na ulifikiri siye tunafanya ekspozisyo ya nini?" Sauti yake ilipanda. "Tuliongea! Ulikaa hapa, ulikunywa chai, ulisema ndiyo!"

"Nilisema ndiyo wakati sijamuchoma bado."

"Ataingia ao hataingia, weye utasema. Lakini akiingia namna hii, kwenye karatasi ya ekspozisyo sitaandika jina lako. Nitaandika jina ya duka ya verni."

Dheda alimshika mkono. "Muache, Kambale. Mimi pia nilipaka bati yangu lami. Nikaona iko sawa na mutumbwi. Nikatoa mwenyewe, hakuna mutu alinipigia kelele."

Nilimwambia Kambale maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia kwamba yeye ni mwanaume, ana ngozi yake moja aliyozaliwa nayo na hakuna aliyewahi kumcheka kwenye picha, kwa hiyo aniache. Nadhani ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza, nami nikageuka. Walikwenda.

Nilikaa na hasira mpaka jua likashuka. Halafu nikaenda kumshika. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba verni imekauka. Nilipitisha mkono kutoka kichwani hadi shingoni, na mkono ukateleza, ukapita, haukukuta kitu. Kwenye shingo yake nilikuwa nimebonyeza kidole gumba kuzunguka, kama mama. Nilizitafuta zile alama kwa vidole na sikuzipata. Verni ilikuwa imejaa ndani yake, imelingana. Nililia, Afoyo. Mama yangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na sikuwa na kitu chake hata kimoja isipokuwa ule mbonyezo.

Asubuhi nilianza kukusanya nyasi na magome. Kuchoma mara ya pili kitu kilichokwisha kuchomwa ni hatari, na kikubwa ni hatari zaidi. Baba yako alikuwa amerudi kutoka Mahagi. Hakuuliza, alinisaidia kumbeba. Tulimzungushia vigae vya vyungu vilivyovunjika, nikaanza na moto mdogo, mdogo sana, wa kumpasha tu. Verni iliposhika moto ilitoa moshi mweusi wenye harufu mbaya hivi kwamba majirani walikuja wakikimbia na ndoo, wakifikiri nyumba inaungua. Baba yako aliwasimamisha njiani. "Mama Afoyo iko napika," aliwaambia. Walirudi wakicheka, na wengine hawakucheka.

Katikati ya moto kitu kililia, paa! Sikio lake la kushoto lilikuwa limeruka pamoja na kipande cha bega. Nilikaa chini. Baba yako alikaa karibu nami. Tulingoja pale mpaka moto ukafa.

Alipotoka alikuwa mbaya kuliko mwanzo, ukitaka kusema hivyo. Mweusi, mwekundu, wa kijivu, na pengine mweupe kama majivu, yote yamechanganyika usoni. Verni ilikuwa imeungua yote. Nilipitisha mkono shingoni. Alama zilikuwepo. Niliziosha na maji, nikampeleka ukumbini hivyo hivyo.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Watu waliingia bado wamevaa nguo za misa. Kambale alikuwa ameweka gogo lake kubwa katikati, nusu bado lina gome lake, nusu amelisugua kwa majani makavu mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, na wanaume walizunguka wakilipapasa, wakitoka kwenye gome kuingia kwenye ulaini, wakirudi. Watoto walipiga mabati ya Dheda kama ngoma. Mkubwa mmoja wa serikali aliyevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, alizunguka akauliza sanamu ipi inashika mwenge wa chama. Kambale alimjibu kwamba mwenge bado uko njiani, na yule mkubwa aliridhika.

Mimi nilisimama karibu na mwanamke wangu, kitambaa nimekivuta hadi nyusini. Karatasini Kambale alikuwa ameandika jina langu kwa herufi kubwa kuliko la kwake. Watu walimwangalia lakini hawakumgusa. Walikuwa wameambiwa wanaweza, nao waligusa vingine vyote.

Wewe uligusa. Ulitoka kwenye miguu ya baba yako, ukasimama kwa vidole, ukaweka kiganja kwenye shavu la ile sanamu, pale penye doa. Halafu ukanigeukia, ukanyoosha mikono nikuinue. Nilikuinua. Ukasukuma kitambaa changu nyuma, ukaweka kiganja hicho hicho kwenye shavu langu.

"Mama, iko sawa na weye," ulisema. Ulisema kwa furaha, kama mtu aliyekuta kitu kilichopotea. Na ukumbi ule unarudisha sauti.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangecheka. Nilikuweka chini nikatoka nje kwa mlango wa nyuma, nikasimama kati ya ukuta na matangi ya maji ya mvua. Baba yako alinifuata.

"Mama Afoyo, turudi ndani."

"Mutoto amesema mbele ya watu yote."

"Amesema kweli."

"Kumbe weye pia uliona?"

"Niliona tangu zamani."

"Na ulinyamaza!"

Alivua kofia, akaivaa tena. "Niliogopa. Ningesema, ungefikiri nakuona mubaya. Nikajiambia, acha, ni mambo ya wanamuke."

"Na zamani, mbele nianze kupaka pomadi? Uliniona namna gani?"

Unamjua, yeye hawezi kujibu upesi hata akiulizwa kama amekula. "Ulikuwa unacheka na mudomo wazi," alisema. "Sasa ukicheka unaweka mukono."

Sikuwa najua. Niliangalia mkono wangu na kweli, ulikuwa hapo hapo karibu na kidevu, tayari.

Afoyo, nilimpenda baba yako kabla ya siku ile na nimempenda baada yake, lakini ule unyamavu wake ulinigharimu. Alininyamazia kwa wema, na mimi nilijificha kwake kwa aibu, na katikati yetu pomadi ikaendelea kufanya kazi yake. Ndiyo maana leo sinyamazi. Nilipokuwa nakunja vikwembe vyako vya kitenge jana, tyubu ya pomadi iliniangukia mguuni. Naijua, hata kama siku hizi wamebadilisha rangi ya karatasi yake. Nimeirudisha mahali ulipoiweka. Kuitupa nisingeweza, ungenunua nyingine kabla ya kufika Kinshasa, na ungejifunza kunificha vizuri zaidi. Nataka tu ujue kwamba nimeiona, na kwamba sikuoni mbaya, na kwamba ukitaka kuniuliza chochote juu yake, hata kama ni kuniambia kwamba inakupendeza, niulize. Nitajibu.

Tulirudi ndani siku ile. Nilikunja kitambaa nikakitia mfukoni mwa baba yako, nikasimama hivyo. Watu walianza kumgusa mwanamke wangu. Walianza wanawake. Mmoja alirudi mara tatu, mama wa makamo anayeuza makayabo, samaki wa chumvi kutoka Kasenyi, vidole vyake vimepasuka kwa chumvi. Mara ya tatu alinisogelea.

"Dada, huyu aliungua na nini?"

"Na moto."

"Na weye?"

"Na pomadi."

Alitazama nyuma kama kuna mtu anayesikiliza, halafu akafungua kitenge shingoni. Shingo yake ilikuwa na michirizi kama ardhi iliyokauka. "Mimi pia," alisema. "Tufanye namna gani?"

Ningependa kukuambia kwamba nilijua la kumjibu. Nilimwambia, "Sijui. Twende tuulize pamoja." Kesho yake tulikwenda kwa sista wa dispansari, tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Sista alitutazama sana, akatuambia tuache, tujifunike na jua, tuwe na subira. Na kwamba haitarudi kama mwanzo, ila itatulia. Tulipotoka, mama wa makayabo alisimama barabarani. "Basi tutakuwa mama ya madoa," alisema, akaanza kucheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika mti.

Ungedhani hapo ndipo mambo yalipokuwa mazuri. Hapana. Ukiacha pomadi, ngozi inalipiza. Uso wangu ulikuwa mweusi kupita mwanzo, tena vibaya, mahali mahali. Miezi ile nilifanya kosa ambalo hata leo halijatoka moyoni. Nilijifungia. Siku yako ya kwanza ya shule nilikutuma na mama jirani. Wenzako wote walishikwa mkono na mama zao, nawe ulirudi ukaniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nilikujibu ndiyo. Ulikwenda kuniletea maji, ukakaa kando yangu ukinipepea kwa daftari jipya, na mimi nikanywa yale maji kama mgonjwa kweli. Pomadi iliniharibu uso. Kujificha kuliniibia ile asubuhi, na hiyo hakuna sista anayeweza kunirudishia.

Udongo sikuushika pia. Kambale alikuja mara mbili, nilimwambia baba yako aseme nimelala. Halafu Dheda akaja kutoka Bule na gunia begani. Hakuuliza kama nimelala. Alilitua mlangoni, akalifungua. Lilikuwa limejaa udongo mwekundu, mbichi, bado unanuka mto.

"Iko ya kwetu," alisema. "Nilichimba leo asubuhi."

"Dheda, sifanyi tena."

"Sawa." Aligeuka kwenda zake. Alipofika njiani akasema bila kutazama nyuma, "Itakauka."

Nilikaa nikiutazama ule udongo kupitia mlango ulio wazi. Jua lilikuwa linapanda, lingeufikia muda si mrefu. Mtoto wa mfinyanzi hawezi kukaa akiangalia udongo mzuri unakauka, ni kama kumsikia mtoto analia. Nikatoka kuufunika kwa majani ya ndizi yaliyolowa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshatoka, nikakaa. Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa, nikakanda. Watu walipita njiani, wakanisalimu, nikawaitikia. Uliporudi kutoka shule ulinikuta nje, mikono myekundu hadi viwiko, ukasema, "Mama umepona!" Nikasema ndiyo, na safari hii sikukudanganya sana.

Hatukufanya maonyesho mengine. Kambale alihamishiwa Kisangani. Kabla ya kuondoka alikuja kuniomba msamaha kwa lile neno la duka ya verni, nikamwambia abaki nalo, lilinifaa, ila siku nyingine alitoe kwa sauti ndogo. Dheda bado yuko Bule na majembe yake. Mama wa makayabo alipita hapa hadi alipohamia kwa mwanawe upande wa ziwa. Sikupata jina kubwa, Afoyo. Nimeuza vyungu vya maua kwa masista na wazungu wachache, na nimefinyanga watu wangu, na wengi wamebaki hapa uani wakinyeshewa. Nimeridhika zaidi ya vile watu wanavyofikiri.

Nakuambia haya kwa sababu unakwenda mahali ambapo kila kitu kitakuwa na mng'ao kukuzidi. Watakucheka Lingala yako, watakuita Muswahili, nawe utataka kuupaka mdomo wako verni usiku mmoja. Pengine utaipaka. Mimi niliipaka na sikufa. Walimu watakuonyesha mawe ya marmo na shaba na namna ya kuvisugua mpaka mtu ajione ndani. Jifunze yote, mwanangu, ulaini pia ni kazi, gogo la Kambale lilikuwa laini upande mmoja na lilikuwa zuri. Siku utakapoharibu kitu, na utaharibu, usingoje mtu aje na gunia. Lakini akija, mfungulie. Mimi Kambale nilimfungia mlango mara mbili, na alikuwa amekuja kwa wema.

Na usinyamaze kwa ajili ya kunilinda. Nikisoma kwenye barua yako kwamba kila kitu kinakwenda vizuri, nitajua unadanganya, kwa sababu hakuna mahali ambapo kila kitu kinakwenda vizuri. Niandikie mabaya pia, hata kwa mistari miwili. Baba yako nitamsomea yale anayoweza kuyabeba.

Nje nyundo imenyamaza, na nasikia kicheko chako njiani pamoja na wenzako. Nitaikunja barua hii upesi. Neno la mwisho ni ombi. Utakapomaliza sanamu yako ya kwanza kule, wenzako watataka kuipiga picha. Mimi usinitumie picha. Fumba macho, uishike yote, kichwa mpaka chini, pole pole, mahali palipo laini na mahali panapokwaruza. Kisha uniandikie mkono wako umekuta nini. Nitakaa hapa mezani nitaisoma, na nitaifahamu.

Mimi mama yako